Mchwa Wanaokula Chuma

Laina niliyoishika asubuhi ile ilikuwa ya silinda ya nne, na ilikuwa na tundu. Laina ni bomba la chuma ambalo pistoni hupanda na kushuka ndani yake, huku kwa nje likizungukwa na maji ya kupoza injini. Kwa ndani hii ilikuwa nyororo, inang'aa. Kwa nje, upande mmoja tu, chuma kilikuwa kimedonolewa vishimo vingi vidogo, vimesongamana kama alama za ndui, na kimoja kati yao kilikuwa kimepenya hadi ndani. Nilipoielekeza mlangoni niliona nukta ya mwanga.

Nilimpa mwenye lori aione mwenyewe. Alikuwa mama mfanyabiashara wa Homa Bay, wa umri wangu, aliyeanza kwa kuuza omena, dagaa wa ziwani, kwa beseni pale ufukweni na baada ya miaka mingi akafikia kumiliki lori la tani saba. Kwenye gati la Homa Bay na lile la Mbita hapakuwa na mwanamke mwingine mwenye lori lake. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma, taratibu, kama anayekagua kitambaa.

"Umekwama," alisema. "Ukucha umekwama."

"Ndiyo, mama."

"Si hii ndio ile ya mwaka jana?"

"Ya mwaka jana tuliitupa. Hii ilikuwa mpya."

Ilikuwa mara ya tatu injini ile kufunguliwa kwa sababu moja. Kila mara dalili ilikuwa ile ile: dereva anachomoa kijiti cha kupimia oili na kukuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo unajua maji yamepata njia.

"Sikiza, fundi," alisema. "Nitanunua laina zingine, utazitia, na hii ndio ya mwisho. Ikitoboka tena mwaka haujaisha, nitaita wale watu wa vyuma chakavu waje na gesi yao walikate hapa hapa, ukiangalia."

"Mama, shida si kazi ya fundi," dereva wake aliingilia. Alikuwa Mkuria wa huku mpakani, mnene, mtu wa mzaha hata kwenye msiba. "Ni mchwa. Mchwa akiingia nyumba, utafukuza nani?"

Hilo ndilo jina tulilokuwa nalo mafundi wa Migori kwa ugonjwa ule. Tulisema injini imeingiwa na mchwa. Lilikuwa jina zuri kwa sababu lilimaliza mazungumzo. Hakuna anayemuuliza mchwa kwa nini amekuja. Mteja alitikisa kichwa, akanunua laina mpya, nasi tukazitia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelitumia jina hilo kwa miaka, na asubuhi ile, nikiwa nimeshika chuma chenye tundu, nililionea aibu kwa mara ya kwanza.

Sikusoma ufundi chuoni. Niliacha shule darasa la saba, nikajifunza kwa kushika. Lakini nilikuwa na tabia moja ambayo wenzangu waliicheka: niliandika. Kila injini iliyopita mikononi mwangu ilikuwa na ukurasa wake katika daftari la mistari, pamoja na ugonjwa wake na nilichofanya. Niliporudi kwenye daftari jioni ile nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu muda wote. Mchwa hawakula kila injini. Walikula zile za dizeli zenye laina zinazogusana na maji, na walikula upande ule ule, kule pistoni inakogonga inaposukumwa chini. Mchwa gani huyu anayechagua upande?

Jibu lilinijia likiwa limefungia njugu.

Nilikuwa Rongo sokoni kutafuta bolti, nikanunua njugu karanga kwa mama mmoja aliyekuwa akizifunga kwa karatasi za vitabu vya zamani. Nilipomaliza njugu niliikunjua karatasi kabla ya kuitupa. Ilikuwa na mafuta na chumvi, na katikati yake palikuwa na picha ya laina. Picha ilionyesha vishimo upande mmoja tu.

Nilirudi mbio.

"Mama, karatasi zingine za hiki kitabu ziko wapi?"

"Unataka njugu ama unataka karatasi?"

"Karatasi."

Alicheka mpaka jirani yake akageuka. Kitabu chenyewe kilikuwa chini ya kigoda chake, kimebaki nusu. Kilitoka kwenye kambi ya watengenezaji barabara iliyofungwa. Hakutaka kuniuzia, maana wateja wake wangefungiwa nini? Tulipatana nimletee magazeti, gazeti kwa karatasi. Kesho yake nilirudi na rundo la magazeti mgongoni mwa baiskeli, naye akahesabu kwa uaminifu kuliko benki.

Kilikuwa kitabu cha Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba. Nilikisoma na kamusi kando, kurasa mbili kwa siku, baada ya chakula cha mchana wakati gereji ikiwa kimya. Nilichoelewa nilikiandika kwa Kiswahili, kwa sababu jambo ambalo siwezi kuliandika kwa maneno yangu huwa bado sijalielewa.

Niliandika hivi. Mafuta yanapolipuka ndani ya silinda, laina hutikisika kama kengele iliyogongwa. Inaporuka nyuma, maji hayaiwahi; kati ya chuma na maji hubaki utupu, na hapo huzaliwa viputo. Laina inaporudi, viputo hupasuka juu ya chuma, na kila kimoja kinapopasuka hung'oa chembe isiyoonekana. Kwa dakika moja hutokea hivyo maelfu ya mara. Dawa yake ni kemikali inayotandaza utando mwembamba juu ya chuma, kiputo kikapasuka juu ya utando badala ya chuma. Utando huchakaa, kwa hiyo dawa lazima iongezwe kila mara, kidogo kidogo. Na kuna filta inayofanya kazi mbili kwa pamoja: huchuja kutu na mchanga kwenye maji ya injini, na ndani yake hubeba dawa hiyo inayoyeyuka polepole.

Nilisoma maneno yangu mara tatu. Kisha nikaenda dukani.

Duka la vipuri nililolitegemea Migori lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu aliyetoka pwani, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na Kiswahili kilichotufanya sisi wengine tujione tunaongea kwa magongo.

"Shikamoo, mzee. Nataka filta ya maji."

"Marahaba. Ya kunywa? Hizo siziuzi mimi, nenda pale kwenye masufuria."

"Si ya kunywa. Ya injini."

"Injini nayo inachujiwa maji?" Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, umeshinda juani leo?"

Nilimchorea kwenye karatasi: kopo la filta na kichwa chake chenye njia mbili. Alipanda kiti, akashusha boksi lenye vumbi kutoka rafu ya juu kabisa. Ndani yalikuwamo makopo sita na kichwa kimoja cha chuma.

"Haya yamenikalia miaka. Watu wanayachukua wakidhani ni ya oili, wakifika nyuzi za kufungia hazishiki, wanarudisha na matusi juu. Mie mwenyewe nilikuwa sijui ni mnyama gani huyu." Alilipuliza vumbi kopo moja akalisoma. "Kumbe ulikuwa ukingojewa wewe."

Mama wa Homa Bay alipopata habari kwamba nataka kutia kitu ambacho hakikuwamo kwenye injini ilipotengenezwa, hakufurahi. Alikuja Migori mwenyewe. Nilimwonyesha karatasi yenye chumvi na daftari langu. Hakusoma Kiingereza, alisoma Kiswahili changu, mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno.

"Hivi viputo umeviona?"

"Hapana. Haviwezi kuonekana."

"Kwa hiyo umetoa mchwa, umeleta majini." Alifunga daftari. "Tia. Lakini mwaka ni mwaka. Sijabadilisha neno langu."

Laina mpya ziliingia. Nilipitisha maji safi ndani ya injini mara nne, maana yaliyotoka mara ya kwanza yalikuwa mazito kama uji wa wimbi. Hilo halikunishangaza. Dereva alijaza rejeta, tangi la mbele la kupozea maji ya injini, popote kiu ya injini ilipomkuta: ziwani Homa Bay, mtoni Kuja, kwenye madimbwi ya barabara ya Rangwe mvua ikinyesha. Kila sehemu iliacha udongo wake humo ndani.

Kazi ya kufunga filta yenyewe niliigawa kwa siku mbili. Kitabu kilikuwa wazi juu ya jambo moja: filta haikai kwenye njia kuu ya maji. Inakaa kwenye kijia cha pembeni, ambako hupita sehemu ndogo tu ya maji. Upande mmoja uchukue maji mahali yanaposukumwa kwa nguvu, upande wa pili uyarudishe mahali pampu inapoyavuta. Bila tofauti hiyo ya nguvu maji hayana sababu ya kupita.

Mahali hapo palikuwapo tayari. Injini ile ilitoka kiwandani na hita, ile mashine ndogo inayoingiza joto la injini kwenye kebini ili dereva asipate baridi. Njia ya kwenda hita ilitoka kwenye silinda hedi, kifuniko cha juu cha silinda, na ya kurudi iliishia kwenye pampu. Hita yenyewe ilikuwa imeng'olewa zamani, kama ilivyong'olewa kwenye kila lori lililoshuka huku kwetu. Nani anahitaji kuota moto Homa Bay, ambako watu hulala madirisha wazi? Njia ya kwanza ilikuwa imezibwa kwa bolti. Ya pili ilikuwa imevishwa kipande cha mpira kilichokunjwa na kufungwa kwa waya. Nilitoa bolti, nikakata waya, nikavua mpira. Njia hizo mbili zilinirahisishia kazi, au ndivyo nilivyodhani.

Nilikata bamba la chuma nikalikunja kuwa kishikizo, nikakifunga kwenye fremu mahali ambapo mtikisiko ni mdogo na mkono unafika. Nikafunga kichwa cha filta. Kila upande wa kichwa niliweka koki, ili siku ya kubadilisha filta mtu afunge koki mbili bila kumwaga maji ya injini nzima. Nikakata mipira miwili, nikaisogeza mbali na bomba la moshi, nikakaza klipu. Mpira wa muhuri wa filta niliupaka oili safi kwa kidole, nikazungusha kopo mpaka likagusa, kisha nikaongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Spana haikugusa. Nikajaza rejeta maji ya mvua yaliyotoka kwenye mabati ya gereji yangu, nikafungua koki zote mbili, nikamwambia dereva apige starti.

Mama alikuwapo. Omena wake walikuwa kwenye magunia Homa Bay, wakingoja.

Injini ilinguruma vizuri. Nikangoja. Mpira wa juu wa rejeta ulipata vuguvugu, kisha ukapata moto wa kutoshikika. Thamostati, kile kilango cha maji kinachofunguka kwa joto, ilikuwa imefunguka, maji yanazunguka. Nikaweka kiganja kwenye filta.

Ilikuwa baridi.

Nilingoja dakika kumi zaidi. Baridi. Nikafikiri ni hewa iliyonaswa. Nikalegeza klipu ya juu, hewa ikatoka kwa mlio, maji yakafuata, nikakaza. Baridi. Dereva alishuka, naye akaweka mkono wake mkubwa.

"Eh! Fundi, hii chujio yako iko baridi kama friji. Mama, leta soda zetu tuweke hapa juu."

"Nyamaza wewe," mama alisema, lakini alikuwa akiniangalia mimi. "Fundi. Iko sawa ama haiko sawa?"

"Haiko sawa."

"Sababu?"

"Bado sijui. Maji hayapiti."

Sijasahau jinsi alivyovuta ncha ya leso yake akaikaza kiunoni. Aliketi juu ya tairi kuukuu. Alikuwa mtu wa kulalamika pale tu mambo yanapokwenda vizuri. Yakienda vibaya alinyamaza.

Nilizima injini, nikachukua daftari, nikachora njia yote kwa mishale kuanzia pampu hadi pampu. Kisha nikakagua kila mshale kwa mkono. Nilivua mpira wa kuingia kwenye filta: maji yalikuja kwa nguvu. Sawa. Niliupuliza mpira wa kutoka: hewa ilipita. Sawa. Nikafika mshale wa mwisho, kinywa kile cha pampu nilichokuwa nimekivua kipande cha mpira siku iliyotangulia. Injini ilikuwa imejaa maji, na kinywa kile kilikuwa kikavu. Hakuna hata tone.

Siku iliyotangulia pia kilikuwa kikavu. Ila siku ile nilikuwa nimemwaga maji yote, kwa hiyo ukavu haukuniambia kitu.

Niliingiza spoki ya baiskeli. Ilizama kiasi cha urefu wa kidole, ikagota. Haikugota kwenye chuma, chuma hulia. Hii haikulia. Nilipoichomoa, nchani palikuwa na unyuzi wa mti.

"Ni nini?" mama aliuliza.

"Mti."

"Mti?" Dereva aliinama karibu yangu. "Ndani ya injini? Omera, ni mjinga gani alipiga mti ndani ya injini?"

Alipenda kutumia neno hilo la Kijaluo, omera, ndugu yangu, kila alipotaka kumchokoza mtu. Nilichukua skurubu ndefu ya mbao, nikaikaza ndani ya kizibo kile taratibu, nikaishika kwa koleo, nikavuta nikizungusha. Kilikuwa kimevimba kwa maji ya miaka. Kilitoka kwa kishindo cha chupa inayofunguliwa, na maji ya moto yakanirukia kifuani nikayazuia kwa kidole kilichofungwa kitambaa mpaka dereva aliponiletea kipande cha mpira.

Kisha nikakiangalia kizibo kiganjani, na kabla sijakifuta nilijua.

Kilikuwa cha mpera, kimechongwa pande sita kama penseli. Mafundi wengine walichonga vizibo vya mviringo. Mimi nilichonga pande sita, kwa sababu mti ukivimba pembe hushika bomba na hautoki. Nilijivunia ujanja huo. Niligeuza kumbukumbu nyuma: Rongo, miaka kabla sijafungua gereji yangu, lori jekundu ambalo baadaye lilipakwa buluu na kubadilisha mmiliki. Hita ilikuwa ikivuja miguuni mwa dereva. Waliniambia ng'oa, nami nikang'oa, nikazibia kwa mpera, nikapigilia kizibo mpaka ndani, nikavika mpira juu kwa usalama zaidi. Sikuwa na daftari wakati ule. Kazi ya mtu asiye na daftari hupotea hata kwake mwenyewe.

Ningeweza kukitia mfukoni. Hakuna ambaye angejua.

"Huyo mjinga ni mimi," nilisema. "Hiki kizibo nilikichonga mimi, Rongo. Hizi pande sita ni mkono wangu."

Dereva alirudi nyuma hatua mbili, akashika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Mama! Kuja uone mchwa! Mchwa amepatikana, na ako na ovaroli!"

Mama alijaribu kujizuia. Alifunika mdomo kwa leso, mabega yakamsaliti. Walicheka wote wawili mpaka watu wa duka la mbele wakatoka nje. Kwa usahihi lazima niseme kwamba kizibo hakikutoboa laina; kilizuia tu njia ambayo wakati ule haikuwa na kazi. Lakini siku ile haikuwa ya usahihi. Nami nilicheka, nikiwa nimelowa kifua kizima.

Nilirudisha mpira kwenye kinywa cha pampu, nikakaza klipu, nikaongeza maji. Dereva akapanda. Injini ikanguruma. Niliweka kiganja kwenye filta, nikafumba macho, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Hadi mia mbili ilikuwa baridi. Kisha likaja vuguvugu, kwanza juu karibu na kichwa, likashuka kuelekea kitako. Nilihesabu tena. Nilipofika mia tatu na kitu nilishindwa kushikilia, nikauondoa mkono nikaupunga hewani.

"Inaungua!" nilipiga kelele. Mimi si mtu wa kupiga kelele. "Inaungua, mama! Njoo ushike!"

Alikuja akashika, akautoa mkono haraka, akautazama.

"Sasa iko sawa?"

"Sasa iko sawa."

"Basi twende. Omena hawangoji."

Lilikuwa limebaki jambo moja ambalo nusura linishinde kuliko kizibo. Dawa ndani ya filta ilitaka maji safi, nami nilitaka rejeta isiguswe tena na ziwa wala mto. Nilimpa dereva jeri la maji ya mvua lililopakwa rangi nyekundu na kumweleza juu ya utando, udongo na viputo. Alisikiliza kwa adabu. Juma lililofuata nilikuta mchanga wa ufukweni kwenye mdomo wa rejeta.

"Si uliniambia niweke maji?" alisema. "Hiyo ni maji."

Nililala na maneno hayo. Alikuwa amesema kweli. Kosa lilikuwa kwenye neno. Sote tuliyaita maji, na mtu ukimwambia maji, ziwa lote liko mbele yake. Asubuhi nilimwita.

"Yaliyo ndani ya hii rejeta si maji," nilimwambia. "Ni dawa. Hii injini iko kwenye dozi."

Uso wake ulibadilika. "Dawa?"

"Dawa. Na ile iliyo kwenye jeri jekundu ndiyo pekee inayochanganyika nayo."

"Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo? Dawa haichanganywi ovyo."

Kuanzia siku ile hakuna aliyesogea na ndoo karibu na rejeta ile. Nilimsikia kwa masikio yangu, kituoni Rongo, akimfukuza utingo wa lori jingine aliyetaka kumsaidia: "Toka hapo! Huyu ni mgonjwa wa daktari, anameza kila siku!" Mama naye aliweka mfereji wa mabati kwenye paa lake Homa Bay na pipa lenye kifuniko, na jeri jekundu likawa linajazwa huku na kule.

Kila muda wa kubadilisha oili ulipofika, nilibadilisha na filta. Nilipasua ile kuukuu kwa msumeno nikaandika nilichokuta. Ya kwanza ilikuwa na tope la kahawia kama mashapo ya kahawa. Ya pili, tope kidogo. Ya tatu, karatasi yake ilikuwa bado na rangi ya karatasi. Mzee wa pwani aliagiza boksi jingine, kisha jingine, akawa anawaambia wateja kwa sauti ya mwalimu kwamba injini nayo huchujiwa maji, hamkujua?

Mwaka ulipotimia, mama alikuja bila kuitwa. Lori halikuwa na ugonjwa wowote.

"Fungua," alisema.

"Mama, injini nzima haifunguliwi. Ni sawa na kumpasua mtu asiyeumwa."

"Kuna mtu anataka kulinunua. Anangoja jibu langu. Kama mchwa wako humo, nimuuzie sasa likitembea. Kama hawamo, simuuzii. Sitaki kuambiwa. Nataka kuona."

Nilimwaga dawa kwenye mitungi misafi ili irudi ilikotoka, nikafungua silinda hedi juu na sampu, beseni la oili, chini, nikatoa pistoni ya nne, nikaivuta laina. Dereva alisimama upande mmoja akiwa kimya, jambo nililokuwa sijawahi kuliona. Mikono yangu ilifanya kazi yake kwa mpangilio.

Laina ilitoka. Niliifuta kwa kitambaa kikavu, nikaigeuza upande ule unaoliwa, nikampa bila kuiangalia mwenyewe. Ilikuwa haki yake kuwa wa kwanza.

Ilikuwa na rangi ya kijivu iliyopoa, sawasawa, toka juu hadi chini. Mama alipitisha ukucha wa kidole gumba. Akapitisha tena, polepole zaidi. Mara ya tatu alifumba macho kama anayesikiliza. Niliusikia ukucha ukiteleza juu ya chuma, mlio mmoja mrefu usiokatika.

Kisha akaitoa rafuni ile laina ya mwaka uliotangulia, yenye tundu, niliyokuwa nimeihifadhi, akaziweka mbili pamoja juu ya benchi.

"Hapa umekwama," alisema, akigusa ya zamani. "Hapa haukukwama." Akamgeukia dereva. "Ukifika Homa Bay, mwambie yule mtu atafute lori kwingine. Hili lina mwenyewe."

"Nimwambie sababu?"

"Mwambie linameza dawa."

Dereva alipata sauti yake tena, akapaza kuelekea barabarani kwamba mchwa wamehama, wamerudi kwao kwenye mpera. Mama alicheka wazi safari hii, bila leso.

Nilirudisha laina mahali pake na mihuri mipya, pistoni, sampu, hedi, kila bolti kwa zamu yake, kisha nikarudisha dawa. Alasiri injini ilinguruma. Mama alikuwa ameshapanda kebini na mlango umefungwa, lakini nilimwashiria dereva angoje. Niliweka kiganja kwenye filta, nikahesabu.

Ilipata moto kabla sijafika mia mbili. Nikafunga boneti.